Baridi ya Njombe yabebeshwa lawama za jiko la mkaa

Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Njombe mwezi Juni hupita majira mawili ya mwaka ndani ya siku moja. Alfajiri abiria hupanda wakiwa na fulana na khanga nyepesi. Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye mibuyu na wauza vitunguu, madirisha yote huwa wazi na watoto huomba maji kila dakika. Likishapanda mlima Kitonga na kupita Ilula penye matenga ya nyanya, dirisha la kwanza hufungwa. Mafinga, masweta huanza kutolewa kwenye mabegi. Makambako, gari linapokata kushoto na kuiacha barabara ya Mbeya, mama aliyekuwa akimpepea mwanawe mchana huwa amemfunika blanketi hadi puani.

Kutoka hapo ni takribani kilomita 60 kufika Njombe mjini. Mlango wa basi ukifunguliwa stendi, mgeni hujua mara moja kwamba sweta moja halitoshi. Pumzi inatoka na mvuke mdomoni. Wabeba mizigo wamevaa makoti ya mitumba yanayofika magotini, na kina mama wamejifunga mashali juu ya vitenge. Mtoto aliye mgongoni haonekani, linaonekana kofia tu.

Juni ni mwezi wa likizo ya shule, hivyo mabasi hayo hujaa watoto. Familia nyingi za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma zenye asili ya nyanda za juu hutumia nafasi hiyo kuwapeleka wajukuu kwa bibi na babu. Wanafika katika kipindi ambacho Njombe ina baridi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na wanalala katika nyumba ambazo namna zake za kujipasha joto hawazijui. Ndiyo maana habari ya baridi ya Njombe inamhusu pia mzazi aliyebaki Mbagala au Tabata.

Kila mtu na lake

Wenyeji wakishasalimiana "Kamwene", salamu ya Kibena, na kuulizana habari za nyumbani, mazungumzo huhamia kwenye baridi. Dereva wa bodaboda analalamikia vidole vinavyokufa ganzi kwenye usukani. Mama lishe analalamikia maji ya kuoshea vyombo. Mwalimu analalamikia wanafunzi wanaofika darasani bila soksi, wamekunja mikono kwapani, na kalamu hawawezi kuishika mpaka jua litoke. Mtumishi wa umma aliyehamishiwa huko kutoka pwani analalamikia nguo za mtoto ambazo hazikauki siku ya pili wala ya tatu.

Wazee hawakubaliani na vijana hata katika hili. Kijana atasema baridi kama ya mwaka huu haijawahi kutokea. Mzee atamwangalia, avute koti lake, kisha aseme kwamba baridi yenyewe ilikuwa zamani, hii ya sasa ni mzaha. Mabishano hayo yanarudi kila Juni na hakuna anayewahi kuyashinda.

Tabia hii si ya Njombe peke yake. Mwezi huohuo, Dar es Salaam, watu huvaa majaketi kwenye daladala za alfajiri na kusema jiji limekuwa Makete, ingawa kipimajoto hakijashuka sana chini ya nyuzi joto 20. Watu haohao, Januari hadi Machi, huwa wamelala sakafuni kwa joto, wamefungua milango, na feni ikikatika kwa sababu ya umeme mtaa mzima unaguna. Hali ya hewa haina chama wala ukoo. Unaweza kuilalamikia mbele ya mtu usiyemjua na akakuunga mkono bila kukasirika, na urafiki wa stendi ukaanzia hapo.

Hata hivyo, katika malalamiko yote ya msimu huu lipo moja linalostahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Ni lile la mama anayesema, "Baridi imempa mtoto nimonia." Sentensi hiyo ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoamua mama huyo atafanya nini usiku. Akiamini adui ni baridi tu, atafunga dirisha, ataziba upenyo wa chini ya mlango kwa tambara, kisha ataingiza jiko la mkaa chumbani.

Baridi inatoka wapi

Kwanza ni mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takribani nyuzi joto 6 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, anayetoka ufukweni Dar es Salaam na kufika Njombe amepoteza nyuzi joto kama 12 kwa kupanda tu.

Pili ni majira. Mwezi Juni jua la utosi huwa kaskazini kabisa mwa ikweta, na maeneo ya kusini hupata miale iliyolala. Upepo wa kusi nao huleta hewa ya ubaridi yenye unyevu kutoka baharini. Hewa hiyo ikipanda milima inageuka ukungu na manyunyu, yale yanayoifanya asubuhi ya Njombe ifanane na jioni. Siku ambazo anga ni safi, mambo hubadilika: mchana kuna jua zuri, lakini usiku ardhi hupoteza joto lake lote kwa kuwa hakuna mawingu ya kulizuia. Hizo ndizo siku ambazo kipimajoto hushuka chini ya nyuzi joto 10 usiku.

Ukiendelea kupanda kuelekea Makete, hali inakuwa kali zaidi. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake na ambao ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko takribani mita 2,600 juu ya bahari. Huko asubuhi za Juni na Julai hukutwa sakitu, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani. Mkulima wa viazi akiiona shambani hufahamu kwamba majani yatageuka meusi kabla ya jioni, kana kwamba yameunguzwa na moto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na nyanda za juu kusini hutajwa karibu kila mara miongoni mwa maeneo yatakayokuwa na baridi kali. Mzazi anayepanga safari ya mtoto anaweza kuufuatilia kabla ya kukata tiketi.

Baridi yenye faida

Anayeilaani baridi asubuhi huishi kwa faida zake mchana. Chai, pareto, ngano, viazi na matufaha ya Makete vinaipenda hali hiyo. Soko la mitumba la Njombe halina nguo inayotoka haraka kama jaketi la mtoto. Supu na chai ya tangawizi huisha kabla ya saa 4 asubuhi, muda ambao watu hutoka nje kuota jua kwenye kuta za nyumba.

Faida kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikue ndani ya mbu. Hewa ikipoa, ukuaji huo unachelewa mno, na mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Baridi hiyohiyo inayolaumiwa kwa kila kikohozi inawaepusha watoto wa Njombe na ugonjwa unaowasumbua wenzao wa Kyela, Kilombero na pwani.

Mshtakiwa asiyehusika peke yake

Nimonia, au homa ya mapafu, husababishwa na vimelea. Baadhi ni bakteria, wengine ni virusi. Mtoto hawezi kuipata kwa kutembea peku kwenye umande kama vimelea hivyo havijaingia kwenye mapafu yake. Mbona basi wagonjwa wa kifua huonekana zaidi msimu wa baridi?

Majibu mengi yamo ndani ya nyumba. Baridi inawakusanya watu chumba kimoja, watoto wanne kitanda kimoja, madirisha yakiwa yamefungwa tangu saa 12 jioni. Mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa ileile. Maji yanauma mikono, kwa hiyo kunawa kunapungua, na kamasi za mdogo zinafutwa kwa kiganja ambacho baadaye kinamega ugali. Hewa baridi na kavu nayo hupunguza nguvu za kinga iliyo puani na kooni.

Kisha kuna moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba unaotokana na nishati kama kuni na mkaa unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mfumo wa chini wa upumuaji. Shirika hilohilo linasema nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wao hawakuishi penye baridi hata kidogo. Nimonia huua watoto kwenye joto la pwani pia, ila huko hakuna wa kuisingizia hali ya hewa.

Jiko lenye kazi mbili

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa aache mkaa atumie gesi, hesabu yake ni ya bei na upatikanaji. Mtu wa Njombe ana hesabu nyingine ya ziada. Jiko lake la mkaa linapika ugali na maharage, kisha linaendelea na kazi ya pili ya kuwapasha joto watu. Mtungi wa gesi ukizimwa, umezimwa. Mkaa unabaki mwekundu hadi usiku wa manane, na watoto wanalala wakiwa wameelekeza miguu kwake.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa familia za nyanda za juu, swali linalobaki baada ya chakula kuiva ni hili: usiku tutaota nini? Lisipojibiwa, jiko la mkaa litaendelea kuingia chumbani hata katika nyumba yenye mtungi.

Hatari yake kubwa haina moshi. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hukamata nafasi ya oksijeni, na inang'ang'ania kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Hapo ndipo uzoefu wa nyumbani unapodanganya. Watu wengi huamini mkaa ukishashika vizuri, moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, jiko limekuwa salama na linaweza kuingizwa ndani. Moshi ndio ulioisha. Gesi ingali inatoka, tena ile inayoua. Vyombo vya habari nchini vimeripoti mara kwa mara familia zilizokutwa asubuhi zimefariki ndani ya chumba chenye jiko, mlango ukiwa umefungwa vizuri kwa ndani.

Dalili zake hufanana na uchovu au mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi mzito. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinauma. Atalia kidogo, kisha atanyamaza, na mzazi atashukuru kwamba amelala. Kidokezo kimoja cha kukumbuka ni hiki: watu zaidi ya mmoja katika chumba kimoja wakiamka na kichwa kinachouma kwa wakati mmoja, na wakijisikia nafuu wakitoka nje, lishukuliwe jiko kabla ya malaria.

Likitokea hilo, fungueni milango na madirisha, watoeni watu nje kwenye hewa safi haraka, kisha nendeni kituo cha afya hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu. Anayeingia kuokoa asikae ndani kutafuta chanzo, naye anaweza kuanguka.

Joto bila jiko chumbani

Kumwambia mzazi wa Njombe asiingize jiko bila kumpa njia nyingine ni kumwambia alale na baridi. Njia zipo, na nyingi hazihitaji fedha kubwa.

Joto la chumba cha bati hupotelea juu. Nyumba yenye dari, hata ya turubai au ya mifuko iliyoshonwa pamoja, hutunza joto kuliko ile inayoangalia bati moja kwa moja. Godoro lililo sakafuni hunyonywa joto na saruji. Kitanda kikikosekana, mkeka na magunia makavu chini ya godoro husaidia. Nguo mbili nyepesi hutunza joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati yake ndiyo inayopashwa na mwili. Soksi kavu na kofia nazo ni muhimu, hasa kwa mdogo.

Chupa ya plastiki ngumu iliyojazwa maji ya moto yasiyochemka, ikafungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, hupasha kitanda joto. Iwekwe nusu saa kabla ya kulala, na iondolewe mtoto mchanga anapolazwa ili isimuunguze.

Jiko nalo linaweza kuendelea kutumika jikoni, penye mlango au dirisha lililo wazi, watu wakiota moto pamoja baada ya chakula. Sharti ni moja: watu wakienda kulala, jiko litoke nje. Likishatoka lizimwe kwa majivu au mchanga, liwekwe mbali na nyasi, kuta za mbao na miguu ya watoto. Hata jiko la gesi lisiachwe likiwaka usiku kama kifaa cha kupasha chumba. Na chumba chochote cha kulala kiwe na upenyo wa hewa, japo dirisha la upande usio na upepo liachwe wazi kiasi cha kiganja.

Blanketi nalo lina mipaka. Mtoto mchanga asifunikwe uso. Shingo yake ikiwa na jasho, nguo zimezidi.

Mtoto mchanga hatetemeki

Mtoto aliyezaliwa Juni anahitaji uangalizi wa pekee. Mtu mzima akipata baridi hutetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Anapopoa, hupungukiwa nguvu za kunyonya, hulia kwa sauti ndogo, na miguu yake huwa ya baridi ukiigusa. Joto lake la kawaida ni nyuzi joto 36.5 hadi 37.5.

Joto bora kwake ni kifua cha mama. Alazwe ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, kisha mama na mtoto wafunikwe pamoja. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpokea mama kwa namna ileile. Kuogesha kusubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, ingawa bibi atataka mtoto aogeshwe siku hiyohiyo aonekane safi. Bibi aelezwe kwa upole sababu yake. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kuliko wote jinsi baridi ya huko ilivyo.

Hesabu pumzi kwa simu

Simu yoyote ina saa, na saa hiyo inaweza kuokoa maisha. Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida ahesabiwe pumzi kwa dakika 1 nzima, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo ifunuliwe kidogo ili kifua na tumbo vionekane. Kila kinapopanda, hesabu moja.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kuliko kawaida. Wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, kiwango ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5, ni 40 au zaidi. Akifika hapo apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, asisubiri jua litoke.

Zipo dalili zinazotaka haraka zaidi, hata usiku: kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea na kutoamka vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua haraka, aliyepoa au mwenye homa naye hasubirishwi.

Mtaalamu akiandika dawa ya kuua bakteria, dozi imalizwe hata kama kikohozi kimepungua siku ya pili. Kununua vidonge vichache dukani kwa kukisia ni kupoteza muda ambao mtoto hana. Chai ya tangawizi na asali si mbaya kwa koo la mkubwa, lakini asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka 1.

Kinga nyingine iko kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ya PCV, inayokinga dhidi ya mojawapo ya bakteria wakuu wa nimonia, imo kwenye ratiba ya Tanzania tangu 2013. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, sambamba na chanjo ya pentavalenti yenye kinga ya bakteria wa Hib. Mzazi aangalie kadi kabla ya safari, kwa kuwa kliniki ni rahisi kufika ukiwa nyumbani kuliko ukiwa ugenini.

Mgeni kutoka Dar

Begi la mtoto anayekwenda kwa bibi Juni lianze na soksi, kofia, sweta mbili, suruali ya kulalia na mafuta ya mgando ya midomo na miguu. Michezo na zawadi zifuate baadaye.

Pamoja na begi, bibi apewe taarifa moja. Mtoto kutoka pwani anaweza kuwa ameumwa na mbu mwenye malaria siku chache kabla ya kupanda basi. Homa ikianza wiki moja au mbili baadaye, Njombe, jirani wote watasema ni baridi, mgeni hajazoea. Mtoto huyo apimwe malaria, na mhudumu wa afya aambiwe ametoka wapi na lini. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Njombe anayeshuka Dar es Salaam kutembelea shangazi. Mwili wake haujazoea malaria, na alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kulisema kwa mkwe au mzazi. Jinsi gani mtoto wa mjini atampigia bibi simu na kumuuliza jiko linalala wapi, bila kuonekana anadharau nyumba aliyokulia? Pengine njia rahisi ni kuuliza kama watu wanavyouliza mambo mengine ya kwao: baridi ikoje huko mama, mnalalaje, moto mnaotea wapi. Bibi atalalamika kwa dakika kumi, maana msimu ndio wake. Katika malalamiko hayo jibu litapatikana, na ombi litapata pa kukaa.

Kila nyumba ina mtu wa kufunga mlango usiku. Katika nyumba moja ni baba, katika nyingine ni kaka mkubwa au bibi mwenyewe. Mtu huyo apewe na kazi ya jiko: alitoe kwanza nje, alizime, ndipo ageuze ufunguo.